Rías Baixas na mvinyo wa Albariño: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wanaonunua, wanaouza na wanaosomea mvinyo mweupe wa kaskazini-magharibi mwa Hispania. Ukiona jambo la ajabu huko, iwe ni mizabibu iliyopandishwa juu ya nguzo za mawe au kreti ndogo za kuvunia, tafuta kwanza mvua iko wapi. Mara nyingi jibu limo humo.

Rías Baixas ni wapi, na jina lake linatamkwaje?

Ni ukanda wa kusini-magharibi mwa Galicia, eneo la Hispania lililo kaskazini mwa Ureno na kupakana nayo. Sehemu kubwa iko mkoa wa Pontevedra, na kipande cha kaskazini kinaingia A Coruña. Ría ni hori, yaani bonde la mto lililomezwa na bahari. Aliyeona maji ya Kilindini na Tudor yanavyokizunguka kisiwa cha Mombasa ameona kitu cha aina hiyohiyo. Baixas maana yake ni "za chini", yaani za kusini, kwa kuwa upande wa kaskazini kuna Rías Altas.

Soma "Rias Baishas", maana x ya Kigalisia ni sh yetu. Nayo ñ ni ny yetu: Albarinyo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika na herufi hizi mbili.

Albariño ni jina la mahali, la zabibu au la kampuni?

La zabibu. Mkanganyiko una historia yake. Mwaka 1980 Hispania ilitoa ulinzi wa kisheria kwa jina Albariño lenyewe. Hispania ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, ilikuta kanuni zinazotaka jina linalolindwa liwe la mahali, lisiwe la aina ya mmea. Ndipo mwaka 1988 likasajiliwa jina la asili Rías Baixas, lenye baraza simamizi mjini Pontevedra. Kwa hiyo Rías Baixas ndiko mvinyo unakotoka, na Albariño ndiyo zabibu iliyoutengeneza. Zabibu hiyo ndiyo inayofunika zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za mashamba ya eneo hilo.

Mashamba yake ni makubwa kiasi gani?

Madogo mno. Eneo zima lina zaidi ya hekta 4,000, lakini zimekatwa vipande zaidi ya 20,000 vinavyomilikiwa na wakulima zaidi ya 5,000. Kipande cha kawaida ni kama hekta 0.2, nusu ekari. Mengi yako nyuma ya nyumba au kati ya ukuta wa jirani na barabara. Ardhi imegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, jambo ambalo wasomaji wa Kilimanjaro na Kisii hawahitaji kuelezwa. Kwa viwanda vya mvinyo, maana yake ni kwamba kiwanda kimoja huweza kununua zabibu za mamia ya familia, kila moja ikiwa na wiki yake ya kuiva.

Kanda ndogo ni ngapi, na je, mnywaji ataona tofauti?

Ni tano. Tatu zilikuwemo tangu mwanzo: Val do Salnés, Condado do Tea na O Rosal. Soutomaior iliongezwa mwaka 1996 na Ribeira do Ulla mwaka 2000.

Val do Salnés, kandokando ya hori la Arousa, ndiyo kitovu na ndiyo yenye mashamba mengi kuliko nyingine zote. Mji wake Cambados hufanya sherehe ya Albariño kila mwanzo wa Agosti, na sherehe hiyo ilianza mwaka 1953. Ni kanda ya baridi na unyevu, na mvinyo wake una uchachu mkali na mwili mwembamba. Wengi wanaposema "Albariño halisi" huwa wanamaanisha ladha ya hapa, hata kama hawajui.

Condado do Tea iko bara, juu ya mto Miño unaotenganisha Hispania na Ureno. Bahari iko mbali, hivyo majira ya joto hupanda hadi karibu nyuzi 40 na majira ya baridi huleta jalidi. Zabibu huiva zaidi, na mvinyo huwa mnene na wenye uchachu uliopoa. O Rosal iko chini ya mto huohuo, karibu na mlango wake, kwenye matuta yanayoelekea jua. Hapo Albariño huchanganywa mara kwa mara na Loureira, zabibu yenye harufu ya majani ya mbei. Ulla, kaskazini karibu na Santiago de Compostela, na Soutomaior, ndogo kuliko zote, huzioni mara nyingi kwenye lebo.

Hali ya hewa ikoje hasa?

Wastani wa mvua ni takriban milimita 1,600 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata kama 1,100. Nyingi hunyesha kuanzia vuli hadi machipuko, kisha kiangazi hukauka kiasi, pale eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa la visiwa vya Azores linapozisukuma dhoruba kaskazini. Dirisha hilo la ukavu ndilo linaloiruhusu zabibu kuiva. Likichelewa kufunguka, maua hunyeshewa mwezi Juni, uchavushaji hushindwa, na vichala hutoka na punje chache. Likifungwa mapema, mvua za Septemba hukuta zabibu iko mlangoni.

Bahari ya Atlantiki huzuia joto lisipande sana wala baridi isishuke sana. Pwani wastani wa mwaka uko kati ya nyuzi 13 na 15, na usiku wa Agosti huwa wa kutafuta sweta. Hiyo ndiyo sababu ya uchachu: mzabibu hupumua usiku, na kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo unavyounguza asidi ya maliki iliyo ndani ya punje. Usiku ukipoa, asidi inabaki.

Udongo wake ni wa namna gani, na kwa nini watu wanausifu?

Chini ni mwamba wa itale. Juu yake ni itale iliyooza, mchanga mkavu wa rangi ya manjano unaovunjika mkononi, ambao wenyeji huuita xabre. Ukimwaga ndoo ya maji juu yake, yanazama kabla hujaiweka ndoo chini. Penye mvua ya milimita 1,600, hiyo ndiyo fadhila yake kubwa. Udongo huohuo ungekuwa mfinyanzi, mizizi ingesimama majini miezi sita kwa mwaka.

Si eneo zima liko hivyo. Salnés ina ukanda wa shisti (mwamba wa matabaka membamba) unaokatiza itale, na kando ya Miño, huko O Rosal na Condado, kuna mawe ya mviringo yaliyoletwa na mto pamoja na shisti kwenye miteremko.

Tatizo la xabre ni ukali wake, yaani wingi wa asidi. Mvua imekwisha kuuosha kalisi, na pH ya 4.5 hadi 5.5 ni ya kawaida. Ikishuka chini ya 5, alumini huyeyuka na kuumiza ncha za mizizi, na fosforasi hufungika hata kama imo. Ndiyo maana wakulima hupima udongo na kumwaga chokaa ya kilimo, kwa kawaida tani 1 hadi 2 kwa hekta, wakirudia baada ya miaka michache. Zamani walisaga makombe ya chaza na kome kutoka ufukweni wakayamwaga shambani. Shina la chini la kubebeshea nalo huchaguliwa kwa kuangalia ukali huo. Linalotumika sana Galicia ni 196-17 Castel, kwa sababu linavumilia udongo wenye asidi na mchanga. Ukichukua shina lililozoea udongo wa chokaa, mche unadumaa na majani yanageuka manjano, na mkulima anailaumu mbolea bure.

Kwa nini mizabibu iko juu ya vichanja badala ya kupandwa kwa mistari?

Kichanja cha kienyeji, parra kwa wenyeji, ni nguzo za itale zenye urefu wa kama mita 2, zilizounganishwa kwa nyaya. Mzabibu hupanda nguzo kisha hutandazwa juu kama dari, vichala vikining'inia chini ya majani. Upepo wa baharini hupita chini ya dari hiyo na kukausha umande, na vichala vinakuwa mbali na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Nguzo ni za mawe kwa sababu mawe yapo kila mahali na mti ungeoza. Zamani familia zilipanda viazi na kabichi chini yake, kwani ukiwa na nusu ekari huachi kipande kilale.

Usiamini kwamba kichanja ni dawa ya kila kitu. Usipopogolea vizuri na kupunguza machipukizi mwezi Mei na Juni, dari linafungamana, mwanga haupenyi, na unyevu uliotaka kuukimbia unaukuta umejificha kati ya majani. Kazi yote hufanywa mikono ikiwa juu ya kichwa, na mashine ya kuvunia haiingii. Mashamba mapya mengi, hasa Condado na O Rosal, yamehamia mistari ya nyaya za wima. Ni rahisi kuyahudumia na yanaivisha mapema kidogo, ila karibu na bahari kichanja bado kina hoja.

Magonjwa gani husumbua, na yanazuiwaje?

Swali hili ndilo lenye gharama kuliko yote. Adui wa kwanza ni ubwiri vinyoya, kisha ubwiri unga, halafu uozo mweusi, na mwisho wa msimu ukungu wa kijivu.

Ubwiri vinyoya huanza pale mambo matatu yanapokutana: chipukizi limefika sentimita 10, joto halishuki chini ya nyuzi 10, na mvua ya milimita 10 imenyesha ndani ya siku moja au mbili. Huko Galicia mambo hayo hukutana karibu kila Aprili au Mei. Dalili ya kwanza ni madoa kama ya mafuta juu ya jani. Geuza jani asubuhi yenye unyevu utaona vinyoya vyeupe upande wa chini. Ukishaviona, umechelewa kwa jani hilo. Kazi iliyobaki ni kuyaokoa mengine.

Dawa ya jadi ni mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa. Kwa mchanganyiko wa asilimia 1, chukua kilo 1 ya mrututu, takriban gramu 700 hadi kilo 1 ya chokaa iliyozimwa, na maji lita 100. Yeyusha mrututu kwenye pipa la plastiki, kamwe si la chuma, kwa kuwa shaba italila. Koroga chokaa peke yake katika maji kidogo, chuja, kisha changanya polepole huku ukikoroga. Ujaribu kwa kuchovya msumari unaong'aa kwa dakika moja: ukitoka na ganda la rangi ya shaba, mchanganyiko bado ni mkali na utaunguza majani, ongeza chokaa. Tumia siku hiyohiyo, maana ukilala chembe huvimba na kuziba pua ya bomba.

Hapa ndipo hesabu inapobana. Tangu 2019 kanuni za Umoja wa Ulaya zinaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mrututu una robo tu ya uzito wake kuwa shaba, kwa hiyo kilo 4 za shaba ni kilo 16 za mrututu. Ukipuliza lita 400 za asilimia 1 kwa hekta, umetumia kilo 1 ya shaba kwa mpulizo mmoja. Mipulizo minne, na mgao wa mwaka umekwisha. Nayo mvua ya milimita 20 hadi 25 inatosha kuiosha dawa yote kwenye majani. Ndiyo maana kilimo hai ni kigumu sana huku kuliko sehemu kavu za Hispania, na ndiyo maana mashamba mengi hutumia pia dawa zinazoingia ndani ya mmea. Anayedai mvinyo wa Salnés ni wa kilimo hai na bado anauuza bei ya chini anastahili kuulizwa maswali mawili matatu.

Ubwiri unga huzuiwa kwa salfa ya unga au ya maji, lakini usiitumie joto likizidi nyuzi 30 kwa sababu huunguza. Ukungu wa kijivu hauna dawa nzuri kuliko mikono: ng'oa majani yanayozunguka vichala mara baada ya punje kushika, upande unaopata jua la asubuhi, ili umande ukauke mapema na jua la alasiri lisiichome ngozi.

Albariño yenyewe ni zabibu ya namna gani?

Kichala ni kidogo na kimebanana. Punje ni ndogo, ngozi ni nene kwa zabibu nyeupe, na mbegu ni nyingi. Bonyeza punje moja mdomoni: maji yake ni machache, lakini harufu iko karibu na ngozi, ya pichi na ganda la limau, na ukiendelea kutafuna unakuja ukakasi na uchungu kidogo. Ngozi hiyo nene ndiyo inayoiwezesha kustahimili mvua ya Septemba ambayo ingepasua zabibu nyingine, ingawa kubanana kwa kichala kunarudisha nyuma sehemu ya faida hiyo. Punje moja ikioza katikati, jirani zake hupona kwa nadra.

Ikiiva, huwa na sukari ya gramu 200 hadi 220 kwa lita, inayotoa kilevi cha asilimia 12 hadi 13, pamoja na asidi ya gramu 7 hadi 9 kwa lita. Ni zabibu chache nyeupe zinazokusanya sukari kiasi hicho bila kupoteza asidi.

Ni kweli ililetwa na watawa kutoka Ujerumani?

Hapana. Hadithi inasema watawa wa Cluny waliileta karne ya 12 na kwamba ni Riesling, zabibu ya Ujerumani, iliyobadilika jina. Vipimo vya vinasaba havioneshi undugu huo. Ni zabibu ya hapohapo, ya Galicia na kaskazini mwa Ureno, ambako huitwa Alvarinho na hulimwa hasa Monção na Melgaço, ng'ambo ya mto Miño.

Kosa la jina lililo la kweli lilitokea Australia. Wakulima wa huko walipanda vipando vilivyotoka Hispania vikiwa na jina la Albariño, na mwaka 2009 ikathibitishwa kwa vinasaba kwamba walichokuwa nacho ni Savagnin, zabibu ya Jura nchini Ufaransa. Ukikuta chupa ya zamani ya Australia yenye jina hilo, usiitumie kuihukumu Albariño.

Kuna zabibu nyingine zinazoruhusiwa?

Nyeupe ni pamoja na Treixadura, Loureira, Caíño Blanco, Torrontés na Godello. Treixadura huongeza unene, Loureira harufu. Nyekundu zipo pia, kama Caíño Tinto, Espadeiro na Sousón, lakini ni tone katika bahari.

Mavuno hufanyika lini na kwa utaratibu gani?

Kwa kawaida Septemba, na kanda za baridi huingia Oktoba. Miaka ya joto huanza mwishoni mwa Agosti. Zabibu hukatwa kwa mkono na kuwekwa kwenye kreti za plastiki zenye matundu, zisizozidi kilo 20. Kilo 20 si namba ya kubahatisha. Ukirundika zaidi, zabibu za chini hupasuka, maji yake hukutana na hewa na bakteria kabla hayajafika kiwandani, na harufu ile ya ngozini huanza kupotea njiani. Kreti ikioshwa vibaya jioni, kesho yake inanuka siki. Tatizo hilo huonekana dogo hadi linapofika kwenye tangi.

Kiwandani hufanywa nini?

Zabibu hupozwa hadi nyuzi 8 au 10 na kuchambuliwa. Wengi huiacha ngozi ilale ndani ya juisi kwa saa 4 hadi 12 ili itoe harufu. Mwaka wa uozo hatua hii huachwa, la sivyo utatoa harufu ya ukungu pamoja na ya pichi. Kukamua hufanywa polepole kwa mashine ya mfuko wa hewa. Kilo 100 hutoa lita 60 hadi 65 za juisi nzuri. Ukilazimisha zaidi, uchungu wa ngozi na mbegu unaingia, na hauondoki kirahisi.

Juisi huachwa itulie saa 24 hadi 48 kwa nyuzi 10 hivi. Ikiwa na tope jingi, hamira hutoa harufu ya yai bovu. Ikiwa safi kupita kiasi, hamira inakosa chakula na kuchachuka kunasimama kabla sukari haijaisha. Kuchachuka kwenyewe huenda kwa nyuzi 15 hadi 18 katika matangi ya chuma cha pua, kwa wiki mbili hadi nne. Ukishusha joto sana utapata harufu ya ndizi na peremende, na mvinyo wako utafanana na mweupe wowote wa dukani.

Kisha kuna uamuzi wa asidi. Miaka ya baridi baadhi ya viwanda huruhusu bakteria wageuze sehemu ya asidi ya maliki kuwa ya laktiki, iliyo laini zaidi. Ikifanyika kwa mvinyo wote, unakuwa na ladha ya siagi na yale makali ya kuamsha mate yanapotea. Mwisho mvinyo hukaa juu ya mashapo ya hamira, miezi mitatu kwa wa kawaida, mwaka au zaidi kwa wa ghali. Mashapo huongeza unene bila kuongeza sukari, lakini yasipokorogwa na kuonjwa kila wiki chache, huanza kunuka.

Watu husema mvinyo huu una chumvi. Inatoka baharini?

Kwa sehemu ndogo inawezekana, kwa mashamba yaliyo karibu kabisa na maji, kwani upepo huacha chumvi juu ya ngozi za zabibu. Zaidi ya hapo ni ulimi unavyosoma asidi nyingi bila sukari, pamoja na uchungu mwepesi mwishoni. Mizizi haifyonzi ladha ya jiwe. Itale haina ladha. Neno "madini" kwenye maelezo ya mvinyo lichukuliwe kama tamathali ya usemi, si matokeo ya maabara.

Nisome nini kwenye lebo?

"Rías Baixas Albariño" maana yake zabibu ni Albariño pekee, asilimia 100. Jina la kanda likifuata, kama "Rías Baixas Rosal" au "Condado", huo ni mchanganyiko ambao angalau asilimia 70 ni zabibu kuu za kanda hiyo. "Sobre lías" ni juu ya mashapo, na "barrica" ni pipa la mwaloni. Mwaka wa mavuno ndio wa kwanza kuangalia: mvinyo wa kawaida wa miaka mitano uliokaa dukani kwenye joto usinunuliwe hata ukipunguzwa bei. Lebo ndogo ya nyuma yenye namba ya baraza simamizi ndiyo uthibitisho wa asili. Isipokuwepo, hiyo si Rías Baixas.

Inatofautianaje na Rueda?

Karibu kinyume chake. Rueda, eneo jingine la mvinyo mweupe la Hispania, iko bara, mita 700 hadi 800 juu ya usawa wa bahari, kavu, penye kokoto, na zabibu yake ni Verdejo. Huko mashine huvuna usiku ili kukwepa joto la mchana. Verdejo ina harufu ya shamari na majani mabichi, na uchungu wake ni mkubwa zaidi.

Albariño inaweza kulimwa Dodoma?

Kuota itaota. Swali ni mvinyo utakaotoka. Dodoma ni kavu, iko kama mita 1,100 juu ya bahari, na mzabibu haupati majira ya baridi ya kulala, hivyo huamshwa kwa kupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Ubwiri ungepungua sana, lakini mchana wa joto na jua kali ungeivisha sukari haraka na kula asidi ambayo ndiyo sababu ya mtu kuitaka Albariño. Anayetafuta mvinyo mweupe wenye uchachu hapo aendelee na Chenin Blanc, iliyokwisha kuzoea. Anayetaka kujaribu aanze na miche 50 iliyobebeshwa, yenye kibali cha ukaguzi wa mimea, na apime asidi kila siku tatu kuanzia punje zinapolainika.

Unywewe kwa joto gani, na kwa chakula gani?

Nyuzi 8 hadi 10. Friji ya nyumbani iko kwenye 4 hivi, kwa hiyo itoe chupa dakika 15 kabla, na kwenye joto la pwani dakika 10 zinatosha. Ukiwa na haraka ya kupoza, ndoo ya maji na barafu pamoja na konzi ya chumvi hufanya kazi ndani ya dakika 15. Barafu bila maji ni polepole zaidi kwa sababu haigusi chupa yote.

Kwao huliwa na kome, chaza na pweza. Kwa jikoni ya Waswahili, pweza wa kuchoma kwa ndimu na kamba wa vitunguu saumu vinakaa vizuri. Samaki wa kupaka anahitaji ule wa mashapo au wa Condado, maana tui zito huufanya mwembamba uonekane maji. Pilipili kali haupendi, kwani kilevi huikoleza.

Hukaa muda gani?

Wa kawaida, mwaka mmoja hadi mitatu. Uliolala juu ya mashapo, miaka 5 hadi 10 ukihifadhiwa penye giza na nyuzi 12 hadi 15. Ukishafunguliwa, siku tatu au nne kwenye friji, ukiwa umezibwa.

Nitajuaje kama umeharibika?

Vipovu vichache vidogo ni kawaida, ni gesi iliyobaki. Rangi ya kahawia na harufu ya tufaha lililopondeka ni hewa iliyoingia, urudishe. Harufu ya boksi lililolowa ni kizibo kilichochafuliwa, urudishe pia. Harufu ya kiberiti au yai mara nyingi huondoka ukimimina kwenye jagi na kusubiri dakika 20, na isipoondoka, basi. Nazo chembe zinazong'aa kama sukari chini ya chupa ni chumvi ya asidi ya tartariki iliyoganda kwa baridi: simamisha chupa saa moja, mimina taratibu, na uache kijiko cha mwisho humohumo.